Kuhama si Kuhamia

Kiswahili kina irabu moja inayofanya kazi ya sentensi nzima. Ukisema "nahama", umeupa mji kisogo. Ukisema "nahamia", umeuelekezea uso. Anayehama Kalemie anakijua anachokiacha. Anayehamia Lubumbashi anakijua anachokifuata. Kijana awezaye kuyatamka yote mawili kwa pumzi moja, nahama hapa nahamia pale, amekwisha kumaliza shauri lake na hatuna la kumwongezea. Makala haya yanamhusu yule ambaye ulimi wake umekwama kwenye moja. Hapa kwetu Kalemie, kando ya ziwa, wako wengi: wamehama moyoni tangu walipomaliza sekondari, na bado hawajahamia popote.

Wanasarufi huiita hiyo kauli ya kutendea. Wanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha huisahau. Ofisi haziisahau. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, kuna Idara ya Uhamiaji, na jina limekaa sawa, maana kazi ya idara ile ni kumkagua anayeingia. Sisi upande huu wa Kongo ofisi kama hiyo tunaiita "dejeemu", herufi tatu za Kifaransa, na ukiwa kwenye foleni hakuna anayekuuliza kirefu chake.

Kosa huanzia redioni, mtangazaji anaposema "uhamiaji wa vijana kutoka vijijini". Kijiji kinachoachwa hakihamiwi, kinahamwa. Jina la tendo la anayetoka ni uhamaji. Pendekezo langu la kwanza basi ni dogo na halina gharama: uhamaji uwe wa kutoka, uhamiaji uwe wa kuingia, na mwandishi anayeyachanganya arudishiwe habari yake airekebishe.

Wasomi wetu waliosomea kwa Kifaransa wana istilahi yao, exode rural. Exode ndicho kitabu cha pili cha Biblia, ambacho katika Biblia ya Kiswahili kinaitwa Kutoka. Kwa hiyo anayelitumia neno hilo, apende asipende, amekigeuza kijiji kuwa Misri, mwami wa kijiji kuwa Farao, na Lubumbashi kuwa nchi ya maziwa na asali. Wapangaji wa Lubumbashi watakueleza habari za asali hiyo.

Tafsiri iliyozoeleka, "kukimbilia mijini", ni mbaya zaidi. Kukimbilia ni kwenda mbio kuokoa roho au kuwahi kitu kabla hakijaisha. Kalemie tunawajua waliokimbilia. Mapigano ya Waluba na Watwa yalipopamba moto mwaka 2016, familia ziliacha vijiji na mazao yakiwa shambani, zikaja kujenga vibanda vya miti na nyasi pembezoni mwa mji. Hao ni wakimbizi. Kijana aliyenyoa nywele, akakata tiketi, akampigia mjomba simu kumpa siku ya kufika, hakukimbilia kitu. Ukimtia katika kapu moja na wale, umewapokonya wale neno lao la pekee la kudaia haki.

Sasa mji wenyewe.

Tazama jinsi lugha inavyopima. Mtu akipunguzwa anakuwa kijitu, akikuzwa anakuwa jitu. Mti unakuwa kijiti, kisha jiti. Na mji unakuwa kijiji, kisha jiji. Kanuni ni ileile, mzizi ni uleule, kimo tu ndicho kinachobadilika. Mzee aliyezoea hadithi za majitu yanayomeza watoto hawezi kulisikia neno jiji bila kutazama nyuma. Tanzania wamelifanya kuwa cheo cha serikali: Dodoma ilipandishwa kuwa jiji mwaka 2018, na kabla ya hapo ilikuwa manispaa. (Msidanganywe na Ujiji, jirani yetu wa ng'ambo. Hiyo ni nchi ya Wajiji, wala haina uhusiano na ukubwa. Kigoma-Ujiji hadi leo ni manispaa.)

Kwetu jiji la cheo hatuna. Tuna vile. Neno limetoka katika Kifaransa, limevuliwa l moja na kuvishwa matamshi yetu, likakuta nyumba ina mwenyewe, maana Kiswahili kilikuwa na vile vyake tangu zamani. Ndiyo maana ukimuuliza kijana wa Kalemie anataka nini, akajibu "nataka vile", hujui kama anautaka mji au anavitaka vitu alivyoviona kwenye simu ya mwenzake. Nadhani mara nyingi naye hajui, na neno limemsitiri.

Lakini neno linalonifurahisha kuliko yote ni mugini. Mwambie mtu wa Mombasa au Unguja kwamba unakwenda mjini, atakuelewa: sokoni, madukani, benki. Mwambie mtu wa Lubumbashi kwamba unakwenda mugini, ataelewa kinyume chake kabisa: unakwenda kijijini, kwa bibi, kwenye mihogo. Neno ni lilelile, mji na -ni yake, ila kwa lafudhi ya Katanga. Lilisafiri kutoka pwani hadi kwenye shaba, na njiani likageuka. Sababu si ngumu kuibuni. Wachimbaji walioletwa na Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, walikuwa na miji yao huko walikotoka, Kasai, Lomami, kingo za Lualaba: mji wa mababu, wenye mkuu wake na makaburi yake. Huo ndio uliokuwa mji. Mahali palipojengwa na Mzungu kwa mstari na namba paliitwa vile, kampi, sentri. Hawakuwa tayari kuliazima jina la kwao kwa mahali pa kazi.

Ndipo utaona ajabu ya kijitabu kilichopigwa taipu mwaka 1965 katika mji wa Lubumbashi, wakati bado unaitwa Elisabethville. Alikikusanya André Yav, kwa Kiswahili cha huko, kwa niaba ya watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Ndani ni historia, kuanzia kuingia kwa Wabelgiji. Lakini jalada linasema kwa Kifaransa Vocabulaire, yaani msamiati, wa mji wa Elisabethville. Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Wapishi na madobi wale walijua jambo: atakayeingia mji ule kwanza apewe maneno yake.

Mji una maana nyingine mbili ambazo kijana wa leo huenda hazijui. Katika kanga, pindo ni ule ukingo wa pande zote, na eneo la katikati linaitwa mji. Kikwembe chetu cha Kongo hakina pindo wala mji, ua linaanza popote na kukatwa popote, na labda hiyo ndiyo sababu maana hii haikutufikia. Maana ya pili ni ya wakunga: mji wa mimba, mahali mtoto anapokaa kabla hajazaliwa. Kwa hiyo mji, katika Kiswahili cha zamani, ni katikati iliyozungushiwa kitu. Ukubwa haumo katika maana hiyo.

Na ukubwa wenyewe lugha yetu mara nyingi haiutaji peke yake.  Ukilinganisha kwa kuliko, inakudai useme kuliko nini. Livunje neno kuliko: ku-li-ko, pale palipo. Lubumbashi ni kubwa pale ilipo Kalemie. Bila Kalemie kutajwa, sentensi haijakamilika. Nawaachia hilo vijana wanaosema "naenda mji mkubwa" wakaishia hapo.

Isitoshe, Kalemie nayo ilikuwa ikihamiwa. Reli ya kutoka Kabalo ilipofika hapa mwaka 1915, na baadaye kiwanda cha nguo cha Filtisaf kiliposokota pamba, wazee wa vijiji vya Tanganyika walikuwa wakilalamika kwamba vijana wamevutwa na Albertville, jina la Kalemie la wakati huo. Malalamiko ni yaleyale, jina la mji tu ndilo lililobadilika. Pendekezo la pili: Kinshasa na Lubumbashi ziitwe majiji, Kalemie iitwe mji, na mtu wa kwetu aache kuiita mugini ili tu amchekeshe mwenzake wa Lubumbashi. Hao nao wana majivuno yao. "Lubumbashi wantanshi", wanasema, kwa neno la Kibemba lenye maana ya aliye mbele. Mbele ya nani, wasemavyo Waswahili, kuliko nani?

"Kutafuta maisha" ndiyo sababu inayotajwa na kila anayeondoka, kutoka Moba hadi Mombasa. Nimemsikia bibi akiwa amekaa na ungo wa ndagala akimjibu mjukuu wake: "Uko naenda kutafuta maisha? Kwani hapa ulikufaka?" Vicheko vilikuwa vyake, na kwa sikio la kawaida hoja ni yake pia. Lakini mzizi uko upande wa mjukuu. Maisha yamekuja kutoka katika Kiarabu, ambako neno hilo lina maana pia ya riziki, kile kinachomfanya mtu aishi. Misri mkate wenyewe huitwa kwa jina la mzizi huohuo. Anayetafuta maisha anatafuta mkate, hakukana kwamba yu hai. (Kuishi na kwisha, hata hivyo, hayahusiani. La kwanza ni la Kiarabu, la pili ni la Kibantu, yamekutana kwa bahati mbaya na kuwaletea walimu taabu.)

Ninachoogopa ni kule kutafuta. Kitenzi hiki hakina mwisho ndani yake. Anayetafuta anaweza kutafuta miaka kumi na bado akawa amesema kweli. Kongo tumekizidisha kwa kujidebruye, yaani kujitafutia, na kwa ule utani wa Kifungu cha 15, kifungu kisichoandikwa ambacho eti katiba inamwambia raia: jitafutie. Mimi nashauri kijana aulizwe kwa kitenzi chenye mwisho: unakwenda kusoma, kushona, kufundishwa umakanika, kuuza nini? "Kutafuta maisha" abaki nalo kwa ajili ya watu asiotaka kuwaeleza mambo yake. Kwa kazi hiyo linafaa sana.

Kuamua. Neno hili tunalitumia siku hizi kana kwamba ni jambo la mtu mmoja na moyo wake. Asili yake ni ugomvi. Kuamua ni kuwaingilia wanaopigana na kuwatenganisha. Waganda wameihifadhi l iliyotuponyoka, kulamula, na hakimu wao ni omulamuzi. Kwetu anayesimama uwanjani na filimbi bado anaitwa mwamuzi. Basi kijana anayeamua kuhama ana watu wawili wanaopigana ndani yake, na kazi yake ni kusimama katikati. Anayekwambia ameamua haraka, muulize kama alisubiri wa pili afike uwanjani.

Kukata shauri ni njia nyingine. Shauri ni la Kiarabu, la familia ya kushauriana, na lina watu wengi ndani yake: baraza, mkeka, kahawa. Ukilikata, umefunga kikao. Napenda kwamba kitenzi ni kilekile cha kukata tiketi na kukata tamaa. Mtu mmoja anaweza kuvikata vyote vitatu katika wiki moja, na si lazima kwa mpangilio unaofaa.

Hapa ndipo penye pengo. Aliyehama ana jina. Aliyehamia ana jina. Aliyekimbia, aliyerudi, aliyetoroka, wote wana majina. Kijana ambaye bado anapima, amekaa ukutani jioni akitazama boti, hana. Tunamwita mvivu, au tunasema "yuko tu". Msitaji halifai, linamlaumu. Njia panda ni mahali, si mtu. Nalipendekeza jina lililo karibu, ambalo halihitaji kiambishi kipya wala kikao cha BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania: mwenye shauri. "Kijana wetu ni mwenye shauri la Lubumbashi." Lina heshima, maana anayebeba shauri hukaribishwa akae na kusikilizwa. Na linamkumbusha kwamba shauri halikatwi na mtu mmoja.

Umri wake nao una kasoro ya majina. Kijana ni ki- na -ana, udogo juu ya udogo, na ndilo tunalomwita mtu wa miaka ishirini na sita mwenye mke. Upande wa pili kuna mtu mzima, mtu asiyepungua kitu. Katikati palikuwa na barubaru kwa wavulana na mwali kwa wasichana, na yote mawili yanachakaa. Sina pendekezo hapa. Nasikitika tu kuona barubaru likifa.

Mwenyeji ni neno la kukaa nalo kidogo. Ni mwenye na mji, yaliyogandana hadi m ikamezwa: mwenye mji. Kwa pwani ni mzaliwa wa mahali, kinyume cha mtu wa kuja. Ni pia yule anayekupokea ugenini. Lugha imekataa kuzitenganisha maana hizo mbili, kwamba kuwa na mji ni kuwa na uwezo wa kumpokea mtu.

Stesheni ya Kalemie utaliona neno hili likifanya kazi. Msichana mmoja alikuwa amesimama na godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kipande cha kikwembe chakavu. Mama yake hakumuuliza habari za nauli wala za kazi. Alimwuliza: mwenyeji wako anaijua siku? Halafu akalikagua tena gunia la ndagala kavu, akaongeza fundo, akakishindilia kizibo cha kidumu cha mawese kwa kitambaa cha nailoni. Ndagala na mawese vilikuwa vya mama mdogo wa Lubumbashi. Hicho ndicho kiingilio, na kila familia ya hapa inakijua kipimo chake. "Yaya, usivifungue njiani," mdogo wake alimwambia, na nilipendezwa kwamba mtoto wa miaka kumi alijua mali ya mwenyeji ni ipi.

Pendekezo jingine linatoka hapo. Tuwe na jina la msafiri asiye na mwenyeji, kwa sababu hatari yake ni ya aina nyingine na inastahili kutajwa kabla treni haijaondoka. Asiyefahamika ni refu mno. Wakuja ni tusi. Mimi nasema mkosa-mji. Muundo wake tayari tunao. Mzazi akisema "huyu ni mkosa-mji kule", kikao kizima kitajua kwamba shauri bado halijakatika.

Halafu kuna kwetu na kwangu. Yasikilize yakisemwa na watu walioondoka. "Kwetu Kalemie", anasema aliyekaa Lubumbashi miaka mingi, hata kama wazazi wamekwisha kufariki na nyumba imeuzwa. Chumba chake cha kupanga anakiita kwangu: "pita kwangu Jumapili". (Akikwambia amepata chumba Kenya, usidhani amefika Nairobi. Kenya ni komine ya Lubumbashi.) Kwetu haina umoja. Hata aliyebaki peke yake katika ukoo hasemi kwangu akimaanisha alikozaliwa. Na kwangu inaweza kuhamishwa kwa mkokoteni mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kijana wa mjini amepoteza kwao. Sarufi haimruhusu. Kinachowezekana ni watoto wake kuanza kusema "kwetu Lubumbashi", na siku hiyo neno limehama bila mtu kuona. Msikilize mtoto, utajua familia imehamia kweli au la. Hakuna hati ya serikali iliyo sahihi kuliko kiwakilishi hicho kimoja.

Kwa wale wanaotaka kujaribu kwanza, kuna kutua. Kutua ni kushusha mzigo kichwani. Ndege hutua, kipepeo hutua, mchukuzi wa bandarini hutua gunia. Sasa irudishe ile irabu tuliyoanza nayo: tua, tulia. Kutulia ni kutua mahali hadi mwili ukubali. Anayetua bado hajatulia, na hakuna aibu katika hilo. Napendekeza tuseme mtuo kwa safari ya kujaribu: "nakwenda Lubumbashi kwa mtuo wa mwaka mmoja". Aliyesema hivyo hakuhama, kwa hiyo akirudi hatasemwa kwamba ameshindwa. Vijana wengi hurudi usiku kwa sababu walipoondoka walitumia kitenzi kikubwa mno.

Kuaga lina tabia nzuri kuliko yote. Ukimuaga mtu naye akakujibu, mmeagana, na kinachobaki kati yenu ni agano, neno lilelile la Agano la Kale na Jipya. Aliyetoroka hana agano na mtu. Nilitaka kumwita anayeondoka kwa heshima mwagaji, lakini kila aliyelisikia aliuliza anamwaga nini. Nimeliacha.

Ng'ambo nalitaja kwa kifupi, kwa sababu Kalemie baadhi yetu hatuwazi Lubumbashi kabisa, tunawaza Kigoma. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji unaoonekana au unaojulikana kuwapo. Zanzibar walimwita hivyo jirani wa ng'ambo ya mkondo tu, mkabala na Mji Mkongwe. Ni neno lenye boti ndani yake na lenye kurudi. Tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, linazidi kutufaa. Ughaibuni silipendi. Mzizi wake ni kutokuwapo, ghaibu, neno la sala anayosaliwa maiti asiye mbele ya wanaomsalia. Kumwambia kijana aliye Dar es Salaam na anayetuma pesa kila mwezi kwamba yuko ughaibuni ni kumzika angali na simu mkononi. Yuko ng'ambo, basi.

Msomaji mlinzi wa lugha, uliye Moba, Kabalo, Kongolo, Nyunzu au Manono: kama kwenu kuna neno lenye umri mkubwa kuliko haya la kijana anayepima kuondoka, au la anayefika mahali bila mwenyeji, liseme hadharani na ulitumie mbele ya watoto. Likiwa bora, mkosa-mji wangu na alale. Lakini mwenye shauri sitamwachia mtu kirahisi, na hadi nipewe jingine, kijana anayeongea nami kuhusu Lubumbashi ataitwa hivyo na atapewa kiti.